Gari la Mama Mkwe Linakataa Kupumzika

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mama mkwe ametua saa tatu asubuhi na gari lake, na gari linaumwa. Alhamdulillahi! Si kwamba nafurahia gari la mama mkwe kuumwa, la hasha. Ila kama lilikuwa la kuumwa tu, limechagua wiki nzuri.

Sababu: banda. Lile banda kubwa la bati kando ya barabara kuu, alimokuwa akiweka mbao marehemu baba mkwe. Paa zima, sakafu ya saruji, nafasi ya magari sita. Mimi natengenezea magari kwenye uchochoro nyuma ya duka la mikate. Gari moja kwa wakati. Likiwa refu, pua inabaki barabarani.

Mama mkwe alifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja na bado husimama kama yuko mbele ya ubao. Amesimama hivyo hivyo sebuleni kwetu akatangaza kwamba banda atampa mkwe atakayemweleza gari lake lina nini. Si atakayelibahatisha. Atakayeeleza. Kwa hoja, amesema, na si kwa kelele. Sijui kwa nini aliniangalia mimi alipofika kwenye kelele.

Wakwe tuko wawili. Wa pili ni mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Naye fundi. Ana gereji yenye geti, ana ovaroli yenye jina lake mgongoni (kana kwamba atapotea), na ana mashine anayoichomeka chini ya usukani, ikamsomea ugonjwa wa gari kwenye kioo. Mimi nina masikio. Nilimwambia mama mkwe hivyo. Akasema masikio kila mtu anayo.

Ugonjwa wenyewe: gari ni otomatiki. Mjini linakwenda kama kawaida. Likiingia barabara kuu, injini haitulii. Inalia juu muda wote kama mtu anayepanda ngazi na gunia, inakunywa mafuta, na giaboksi inachemka. Nilisikiliza sekunde kumi nikatangaza: toki konvata!

Mke wangu akauliza ndiyo kitu gani. Nikamweleza vizuri sana, najisifu mwenyewe kwa kuwa yeye hakunisifu. Ni mafeni mawili yanatazamana ndani ya oili. La injini linasukuma oili, oili inasukuma la giaboksi. Hayagusani, ndiyo maana otomatiki haina pedeli ya klachi. Lakini gari likishika mwendo, kuna loki humo ndani inayoyafunga yote mawili yazunguke kama kitu kimoja, na injini inapumzika. La mama halipigi loki. Mafeni yanafukuzana tu bila kukamatana.

Akauliza kwa nini halipigi loki.

Nikamwambia asiniharakishe.

Ratiba: gari liko kwangu hadi kesho kutwa, kwa mwanyumba Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi saa nne, maelezo mbele ya mama. Nimeshachagua rangi ya mlango wa banda. Kijani.


Jumanne, 4 Machi

Nimemwaga oili ya giaboksi. Nilitegemea iwe nyeusi na inanuka kuungua, niibebe kwenye chupa mpaka kwa mama mkwe, nimwoneshe kwa uchungu. Ikatoka nyekundu, safi, ya kupendeza. Aibu! Nikarudisha mpya hata hivyo, ili nisionekane nilikuwa sifanyi kitu.

Nimefagia pia. Chini ya pedeli ya breki nimekuta vipande vidogo vya plastiki ya bluu, vimekauka, vinavunjikavunjika kama peremende. Kumbe Mama hutafuna peremende akiendesha! Mwalimu mzima! Nimevifagia vyote kwa heshima, sikumwambia mtu. Mkwe mwenye adabu hutunza siri.

Halafu nimelijaribu barabarani. Kilomita mia kwa saa, mshale wa mizunguko ya injini umeganda juu ya elfu tatu. Nikaachia mafuta kidogo, nikakanyaga tena, nikalibembeleza, nikaliita kwa majina mazuri. Wapi! Na adabu ya madereva imekwisha kabisa siku hizi. Kila aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi. Mmoja alinipita akanioneshea mguu wake. Mguu! Sijawahi kutukanwa kwa kiungo hicho.

Mwoka mikate, jirani yangu, alikuwa nyuma yangu na gari lake la kusambazia. Tuliporudi uchochoroni aliniuliza mbona nafunga breki njia nzima kama navusha vifaranga. Nikamwambia nimeendesha miaka ishirini na mbili na sihitaji mafunzo kutoka kwa mtu wa unga. Tumenuniana.

Jambo moja zuri: gia ya gari hili inatoka kwenye maegesho bila hata kugusa breki. Magari mengine yanakulazimisha ukanyage kwanza. Hili lina heshima.


Jumatano, 5 Machi

Betri imekufa! Asubuhi nimewasha, tak, tak, kimya. Mama mkwe alishasema imekufa mara mbili wiki iliyopita pia. Basi hiyo ni betri mbovu, haihusiani. Sitaki mambo mawili kwa wakati mmoja.

Nimeazima betri ya gari la mwoka mikate. Kuazima nasema kwa sababu nilikuwa na nia ya kurudisha. Mikate ya saa mbili imetoka saa tano. Sasa tumenuniana zaidi.

Nimeegesha gari nyuma-nyuma mpaka karibu na ukuta wake ili atulie. Ukuta wenyewe ulikuwa mweupe, leo naona una wekundu kidogo pale nyuma ya gari. Nadhani amepaka rangi. Haikuupendeza.

Jioni, ukweli: sijui kwa nini halipigi loki. Nimefikiri mpaka nywele zimeniuma. Kesho gari linaondoka kwenda kwa mtu mwenye mashine. Mashine itamwambia kila kitu, na atapaka mlango wa banda rangi ya bluu, namjua.

Ndipo likanijia wazo! Zuri mno! Nimeandika karatasi, nikaikunja, nikaificha chini ya kiti cha dereva lakini si sana: SIRI. NIMEUJUA UGONJWA. NI PAMPU YA OILI YA GIABOKSI. NITAMWELEZA MAMA JUMAMOSI. Mwanyumba ataiona, ataniibia, atasimama Jumamosi na kueleza pampu, na pampu ni nzima kama mimi. Nimecheka peke yangu bafuni mpaka mke wangu akagonga mlango akauliza kama nimeteleza.


Alhamisi, 6 Machi

Mwanyumba ameiona karatasi. Amempelekea mama mkwe!

Akamwambia, kwa sauti ile yake ya asali, kwamba kaka yake amesahau maelezo yake garini na yeye si mtu wa kusoma siri za watu. Mama ameisoma. Amenirudishia kupitia mke wangu, ikiwa na wino mwekundu. Pembeni ameandika: "Ushahidi uko wapi? Njia ya kufikia jibu haikuoneshwa." Maksi mbili kwa kumi. Mke wangu akauliza hizo mbili ni za nini. Tukaangalia nyuma. Za mwandiko.

Lakini habari njema zimefuata na sijakaa chini tangu saa nane. Mashine ya mwanyumba haijaona kitu! Hakuna kosa hata moja lililoandikwa kwenye kompyuta ya gari. Mwanyumba, maskini ya Mungu, akaenda kumwambia mama mkwe kwamba kwa mujibu wa mashine gari ni zima, na pengine tatizo ni namna ya kukanyaga. Yaani mguu wa Mama! Shemeji, mke wake, alikuwepo na ndiye aliyetusimulia. Anasema mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akamwuliza mashine yake ilisoma shule gani.

Nimemwomba shemeji arudie mara tatu.

Betri imekufa na kwake pia. Yeye amenunua mpya. Mimi sikunyanyua hata nyusi.


Ijumaa, 7 Machi, saa tisa na nusu alasiri

Naandika nikiwa ndani ya buti.

Nieleze. Mke wangu ameniambia kwamba leo mwanyumba anampeleka mama mkwe barabara kuu, atampa maelezo yake njiani ili Jumamosi iwe ya kupeana mikono tu. Ujanja huo! Nimwache amshawishi mama wakiwa wawili, kiyoyozi kinapuliza, redio chini chini? Nilifika kwenye geti lake akiwa ananawa mikono. Buti lilikuwa wazi. Nikaingia, nikajifunika turubai, akaja akalifunga mwenyewe, pa! Kwa hiyo kisheria amenifungia yeye.

Humu si pabaya. Jeki liko mbavuni. Harufu ya viatu vya mvua. Nasikia vizuri. Mwanyumba anasema neno "mfumo" kila baada ya maneno manne.

Nilihofia giza, nisiweze kuandika. Hamna giza! Kifuniko cha ndani cha taa ya nyuma upande wa kulia kimepotea, na mwanga mwekundu unaingia humu kama taa ya kusomea. Hauzimi. Haupepesi hata tukikimbia barabara kuu. Ningekuwa na gazeti ningelimaliza.

Anasema sasa kwamba lazima toki konvata ishushwe ibadilishwe. Ndiyo! Hata mimi ningesema hivyo! Mwizi! Mama anamwuliza ametumia njia gani kuondoa uwezekano mwingine. Anasema mfumo.

Tunapinda. Tumesimama. Mama anasema ashuke hapa kwenye bustani ya miche, anataka kununua miche minne, na itawekwa kwenye


Ijumaa, saa kumi na mbili jioni

Kwenye buti. Itawekwa kwenye buti.

Lilipofunguka, jua lilinipiga usoni na nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, ambacho ni shikamoo. Mama mkwe alikuwa amebeba mche wa ndimu kila mkono. Mwuza miche akarudi nyuma hatua mbili.

"Marahaba," akasema mama. "Unafanya nini humo, mwanangu?"

Nikasema nasikiliza giaboksi kutoka upande wa nyuma. Kwamba mafundi wengi huusahau upande huo.

Mwanyumba akasema mtu huyu aondolewe kwenye mashindano, tena sasa hivi, hii ni aibu kwa ukoo. Mama akamwinulia mche mmoja kama chaki. Alikuwa anaangalia daftari langu.

"Umeandika humo humo?"

"Ndiyo, Mama."

"Gizani?"

"Hakuna giza, Mama. Kuna taa nyekundu hapa pembeni."

"Ilikuwa inawaka kila mwanyumba wako akifunga breki?"

"Ilikuwa inawaka tu, Mama. Muda wote. Nimeandika kurasa mbili."

Akaweka miche chini. Polepole. Akazunguka nyuma ya gari na sisi tukazunguka naye. Gari limezimwa, ufunguo mkononi mwa mwanyumba, hakuna mtu ndani, na taa za breki zinawaka zote mbili kwenye jua, nyekundu kama nyanya. Mwuza miche akasema zimewaka hivyo tangu tulipoingia, alidhani tunamtania.

Mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, akavua kitambaa cha kichwani, akakitandika kwenye zulia la gari, akalala chali chini ya usukani, miguu nje. Hatukujua tutazame wapi. Tukatazama miche.

Sauti ikatoka chini ya dashibodi. Ikasema kuna swichi ndogo hapa juu ya pedeli. Ikauliza kazi yake nini. Mimi na mwanyumba tukajibu pamoja kama darasa la tatu: kuwasha taa za breki! Ikauliza nani huibonyeza mguu ukiwa haupo. Ikasema pedeli isipokanyagwa ndiyo huibonyeza na taa huzimika; ikikanyagwa huiachia na taa huwaka. Ikasema kwenye mkono wa pedeli kuna tundu, na tunduni palipaswa kuwa na kipande cha plastiki cha kuibonyeza swichi. Kipande hakipo. Swichi inachungulia tunduni, haibonyezwi na kitu. Kwa hiyo gari hili linaamini, asubuhi hadi asubuhi, kwamba kuna mguu juu ya breki.

Ikauliza: je, gari linaloamini linafunga breki litakubali kupiga loki?

Jamani! Haliwezi! Loki ikibaki imeshika huku gari linasimama, injini inazimika! Kompyuta ya gari ilikuwa inakataa kwa makusudi, kwa akili zake timamu, ndiyo maana haikuandika kosa. Toki konvata nzima. Oili nzima. Giaboksi nzima. Betri inakufa kwa sababu taa hazilali. Honi zote zile! Ule mguu! Ukuta wa mwoka mikate!

Mama akauliza kama kuna aliyeona vipande vya plastiki kwenye zulia.

Nikasema mimi. Nikasema nilidhani ni peremende zake.

Halafu miguu ya mama mkwe ikaanza kutikisika. Nilidhani umeme umemshika. Alikuwa anacheka! Sijawahi kumsikia akicheka tangu nimwoe binti yake. Anacheka kwa mikoromo.

Akanyoosha mkono, akaagiza kifungo. Nikang'oa cha ovaroli yangu, cha juu kabisa, kile kikubwa. Akakitumbukiza tunduni, akakikaza kwa kipande cha waya alichotoa mwuza miche. Mwanyumba, nyuma ya gari, akapiga kelele: zimezimika!

Tukarudi barabara kuu, wote watatu ndani, mimi kiti cha nyuma nimekumbatia miche. Sabini. Themanini. Mshale uko pale pale juu. Tisini. Na ghafla, taratibu, bila hata kutikisika, mshale ukashuka. Ukashuka! Kama mzee anayekaa kwenye kiti! Injini ikawa inanong'ona. Mwanyumba akaachia usukani mkono mmoja akapiga dashibodi, mimi nikapiga kichwa kwenye paa, mama mkwe akasema ajabu, ajabu, kama hajawahi kufundisha jambo hilo maisha yake yote. Tulipita njia ya nyumbani tukaenda kilomita ishirini zaidi bila sababu.


Jumamosi, 8 Machi

Saa nne kamili. Nimevaa shati la kola. Mwanyumba amevaa suti. Nilikuwa na matumaini makubwa: ni macho yangu yaliyoiona taa.

Mama alisema hivyo hivyo. Alisema ushahidi uliletwa na mkwe mmoja asiyejua kwamba ni ushahidi, na chombo cha kupimia kiliwekwa na mkwe mwingine asiyejua kukiuliza swali. Kwa hiyo banda anawapa watu wanaojua kuuliza. Akawaita mabinti zake wawili mbele akawapa funguo, kila mmoja wake.

Mke wangu! Na shemeji! Mke wangu alilia, kisha akakumbuka kwamba ndiye aliyeuliza siku ya kwanza kwa nini halipigi loki. Amenikumbusha mara sita kabla ya chakula cha mchana. Mimi na mwanyumba tumeajiriwa. Kila siku saa mbili kasorobo, kabla ya kushika spana, somo la nusu saa kutoka kwa mama mkwe. Tuje na madaftari.

Nilitaka kununa lakini sikuweza. Magari sita! Sakafu ya saruji! Mlango utapakwa njano, wameamua wenyewe.


Jumatatu, 17 Machi

Wiki ya kwanza bandani imeisha na mimi ni mtu mpya. Leo mama mkwe ametufundisha somo la msingi: mwulize mwenye gari kwanza, kisha tazama, kisha gusa. Kwa utaratibu huo. Nimeliandika kwa herufi kubwa na kupigia mistari miwili. Amepita akaona daftari langu akasema vizuri. Vizuri! Mwanyumba aliambiwa inaridhisha.

Saa tatu likaingia gari otomatiki, jekundu. Lilipokuwa likipanda pale mlangoni nikalihisi kabla ya kulisikia: mtetemo. Mdogo. Unapita kama baridi mgongoni. Mwanyumba alikuwa anasogea na mashine yake. Sikumpa nafasi. Nikafika mimi kwanza, nikainua mkono, nikamwambia mwenye gari asiseme neno lolote, nimeshaelewa. Alitaka kusema. Nikamwambia apumzike, aende akanywe chai ng'ambo ya barabara, gari liko kwenye mikono salama. Alinishukuru, nadhani, alikuwa tayari kwenye simu.

Mtetemo wa loki! Klachi ya ndani ya toki konvata inashika na kuachia, inashika na kuachia. Sikuhitaji swichi yoyote safari hii, nilikuwa na uhakika. Mke wangu na shemeji walikuwa wamekwenda kununua rangi. Mwanyumba akasema tumwulize kwanza mwenyewe. Nikamwambia mwoga. Akasema yeye si mwoga, na akaleta jeki. Tumeshusha giaboksi kwa saa mbili na dakika kumi. Tumefanya kazi kama ndugu! Tumeimba hata.

Saa sita mwenye gari amerudi. Amesimama mlangoni muda mrefu akiangalia gari lake upande ule, na giaboksi yake upande huu, kwenye gunia.

Nikamwambia kwa upole ajikaze, nimeuona ugonjwa.

Akasema alikuja kujaza upepo. Tairi la mbele kushoto.

Tumelipima. Ni kweli limepungua sana, na gari lenye tairi la namna hiyo linatetemeka. Nimemfariji kwamba giaboksi yake ni safi kabisa ndani, na kwamba si watu wengi mjini wanaoweza kusema wanalijua hilo kwa hakika. Hakufarijika. Mke wangu amerudi na ndoo ya rangi, yupo naye huko nje anaongea kwa sauti ya chini. Si dalili nzuri.

Mwanyumba anarudishia. Anasema bolti zimebaki nne. Nimemwambia ndivyo wanavyofanya kiwandani, wanaweka za ziada.

Upepo nimemjazia bure.